Zilizopendwa na Nani, na Ziliachwa Lini?

Jumamosi jioni, baa moja Jogoo Road, karibu na zile nyumba za reli za Makongeni. DJ anaweka "Sengula Nakupenda" na meza nzima inaimba. Nauliza, nani anapiga hilo gitaa? Kimya. Kisha msee mmoja ananijibu: "Ah, hizo ni zilizopendwa tu."

Tu! Na huyohuyo, nusu saa kabla, alikuwa akinisomesha kuhusu Django Reinhardt: moto wa 1928 uliomlemaza vidole viwili, bendi yake ya Paris ya 1934 pamoja na mpiga fidla Grappelli. Yote ni kweli, na sina ubaya na Django. Lakini mwaka huohuo wa 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alikuwa Bombay akirekodi santuri kwa Kiswahili. Hilo hukusimuliwa?

Sikiza Mukabi vizuri. George Mukabi wa Kisa, fundi wa omutibo. Gumba linashika besi, kidole cha shahada kinaimba juu, pembeni chupa ya soda inakwaruzwa. Gitaa ni moja na utaapa ni mawili. Aliuawa 1963. Mwaka 2017 nyimbo zake zikatolewa upya kwenye LP, Furaha Wenye Gita, na lebo ya Marekani. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa baa, tukiimba.

Jean Bosco Mwenda naye alirekodiwa "Masanga" na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Akaja Nairobi hii kutangaza dawa ya Aspro, na vijana wa hapa wakaiga vidole vyake. Fundi Konde vita vilimfikisha hadi Burma (ndiyo, kama soko letu la nyama) akiwatumbuiza askari.

Shida yangu ni neno lenyewe. Hakuna anayesema "Django aliyependwa." Ukiita wimbo zilizopendwa umejipa ruhusa ya kutojua mpigaji, mtunzi wala mwaka. Na jina likishapotea, watoto wa mpigaji wataanzia wapi kudai hata shilingi?

Utaniambia sauti ni mbovu, inakwaruza. Za Django pia zinakwaruza, ila huko unaita ladha.

Sijitoi. Babu yangu, mtu wa reli, alikuwa na santuri chini ya kitanda. Sisi watoto tulizirusha kwenye ploti kama visahani, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha. Zile huvunjika kama sahani za udongo. Sikumbuki jina hata moja lililoandikwa pale katikati.

Basi nikamwendea DJ, nikamwambia airudie, lakini atangaze jina kwanza. Akapunguza sauti, akanisogezea sikio.

"Mukabi nani?"

Nikamwandikia nyuma ya risiti.