ETF si upatu, acheni kutudanganya!

Wadau nisameheni kwa kupotea, wiki mbili zote ni test tu. Leo hakuna vituko vya hosteli. Nina hasira.

Mwenzangu wa chumbani katoa laki tatu za bumu kampa jamaa mmoja wa pale vimbweta anayejiita "mwekezaji wa ETF". Kaahidiwa asilimia 30 kila mwezi, na nyongeza akileta watu watatu. Sasa jamaa hapokei simu, eti "mfumo unaboreshwa". Tunagawana ubwabwa wangu mpaka bumu lijalo.

Kinachoniudhi zaidi, ETF ni kitu halali kabisa! Ni mfuko unaonunua hisa za kampuni nyingi, au hatifungani, au dhahabu, halafu vipande vyake vinauzwa soko la hisa kama hisa yoyote. Vipande vya Mfuko wa Umoja wa UTT, ulioanza 2005, unavinunua kwa meneja na kumrudishia yeye mwenyewe. Vya ETF unamuuzia mtu mwingine sokoni, kupitia dalali, na bei inacheza muda wote soko likiwa wazi. SPY ya Marekani ipo tangu 1993, inafuata kampuni kubwa 500, na kwa kila dola 1,000 gharama ya mwaka haifiki dola 1. Nairobi nao waliorodhesha NewGold, ya dhahabu, mwaka 2017.

Hasara ipo? Ipo sana! Mwaka 2008 SPY ilishuka zaidi ya theluthi moja. Bei iko hadharani, kila mtu anaiona ikipanda na kushuka, na hakuna anayekudai watu watatu. Huyo jamaa bei yake iko wapi?

Halafu hesabu jamani, sie si ndio walimu watarajiwa? Laki moja kwa asilimia 30 ya mwezi, faida ikiachwa humo humo, baada ya mwaka inapita milioni 2.3. Mwenye mashine hiyo angehangaika na bumu la mtoto wa mkulima? Wazazi wetu "walipanda mbegu" DECI mpaka serikali ikaisimamisha 2009. Sie tumebadilishiwa jina tu.

Na ninyi mnaomcheka kule kantini, kha! Mie nilimwona akituma hizo hela nikanyamaza, nikaona si yangu.

Ijumaa saa kumi wanakutana tena na first year pale pale vimbweta. Nakwenda na kalkuleta. Nani ananisindikiza?