Giaboksi si ya Kioo: Majibu kwa Madai Saba

Juu ya meza ya gereji pana gia ya tatu iliyopoteza meno manne. Imetoka kwenye Subaru Impreza WRX ya kijana aliyekwenda kushindana mbio za dragi, akarudi akiwa amevutwa kwa kamba. Mwenyewe amesimama pembeni, kimya, na kila anayepita ana maelezo yake. Mmoja analaumu Wajapani, mwingine analaumu mkosi, wa tatu anajua pa kwenda kuchomelea. Maelezo hayo nimeyasikia miaka mingi, na nimeona yanavyowamaliza vijana mishahara. Nayajibu moja baada ya jingine, kwa sababu chuma hakivunjiki bila sababu, na asiyeitafuta sababu atanunua giaboksi ya pili kabla hajamaliza kulipa deni la ya kwanza.

Dai la 1: "Giaboksi ya Subaru ni ya kioo."

Kwamba giaboksi ya gia tano ina udhaifu, sikatai. Ganda lake ni vipande viwili vya aluminiamu vilivyounganishwa kwa urefu. Gia zake ni nyembamba, na meno yake yamekatwa mshazari ili yasipige kelele. Meno ya mshazari yanapobebeshwa mzigo husukumana pembeni. Gia za katikati ya shafti, ya tatu ikiwamo, ziko mbali na beringi zinazoshika ncha, kwa hiyo shafti ikipinda kidogo na ganda likitanuka kidogo, meno hayaumani tena kwa upana wake wote. Mzigo uliopaswa kubebwa na jino zima unabebwa na ncha yake.

Lakini piga hesabu ya mzigo wenyewe. Injini ikitoa newton-mita 300, gia ya kwanza ikazidisha mara 3.5 hivi, na difu ikazidisha tena mara 3.9, inayofika kwenye eksli zote kwa jumla ni zaidi ya newton-mita 4,000. Ukiongeza presha ya tabo, newton-mita zote zinapanda pamoja nayo. Giaboksi hiyo hiyo, ikiwa na nguvu ya kiwandani na dereva mwenye mguu wa adabu, huvuka kilomita laki mbili bila kufunguliwa. Kioo hupasuka kwa kuangushwa mara moja. Chuma hiki kilipigwa, kikapigwa tena, ndipo kikaachia.

Dai la 2: "Subaru ilishinda Safari Rally, kwa hiyo inavumilia chochote."

Ilishinda kweli: Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, na sisi tuliokuwa tukiyatazama magari yale ya buluu yakipita na vumbi lake hatutasahau. Ila kilichokuwa chini ya boneti na chini ya sakafu ya magari yale hakikuwa kile kilichomo kwenye gari la dukani. Yalikuwa na giaboksi za mashindano, na mafundi waliokuwa tayari kubadilisha vipuri vizima katikati ya safari. Tena vumbi lenyewe lilisaidia. Tairi juu ya changarawe huteleza, na kila inapoteleza, gia inapumua. Lami kavu na tairi pana haviipi gia nafasi hiyo.

Dai la 3: "Ukitaka kuondoka vizuri, pandisha injini hadi mwisho, kisha achia klachi ghafla."

Dai hili limevunja vyuma vingi kuliko mengine yote. Flaiwili inayozunguka ni ghala la nguvu, na nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi: ukitoka mizunguko 3,500 kwa dakika kwenda 7,000, umeweka akiba mara nne, si mara mbili. Ukiachia klachi ghafla, akiba hiyo yote inadaiwa kwa mpigo. Gari linalosukumwa na tairi mbili litazizungusha tairi bure na mzigo utapungua. Gari linaloendeshwa na tairi zote nne linashika barabara. Kisichoteleza chini lazima kipasuke juu.

Hata saa haikudai ufanye hivyo. Katika mbio za dragi, muda wa gari huanza kuhesabiwa gari linapoondoka kwenye mstari, na wepesi wa dereva kuiitikia taa hupimwa peke yake. Anayetaka kujua kama ameondoka vizuri aangalie muda wa mita 18 za mwanzo. Anza na mizunguko ya chini, iachie klachi kwa haraka lakini kwa mguu unaosikia, andika muda, ongeza mizunguko 500, rudia. Muda ukiacha kushuka, simama hapo. Utashangaa ni chini kiasi gani ukilinganisha na kelele za wale walio pembeni mwa uwanja.

Dai la 4: "Funga klachi ngumu, matatizo yataisha."

Yatahama. Klachi inayoteleza kidogo ndiyo fyuzi ya gari: inaungua yenyewe ili kilicho nyuma yake kipone. Ukifunga isiyoteleza kabisa, umeiondoa fyuzi ukaweka waya, na moto utatokea kwenye gia, kwenye eksli au kwenye difu. Klachi imara ni halali kwa injini iliyoongezwa nguvu, mradi ujue ni kipuri gani sasa kimekuwa dhaifu kuliko vyote.

Dai la 5: "Eksli iliyokatika ichomelewe, itakuwa imara kuliko mpya."

Hapa sina upole. Eksli hutengenezwa ikiwa na ngozi ngumu na moyo laini: nje inapashwa moto na kupozwa haraka ili isichubuke wala kupasuka, ndani inaachwa iweze kujisokota kidogo bila kukatika. Fundi anayechomelea anaufuta utaratibu huo wote. Pembeni mwa mshono panazaliwa ukanda mgumu unaovunjika kama kigae, na mbele kidogo kutoka hapo ngozi inalainika. Juu ya hayo, kuinyoosha irudi katikati kamili bila mashine ya kukereza ni bahati nasibu, na shafti isiyo na mizani hutikisa kila beringi iliyo jirani.

Kabla ya kuitupa, isome. Kama uso wa mpasuko una michirizi iliyofuatana, kama ile inayobaki mchangani maji yanapokupwa, eksli ilianza kupasuka zamani: kila kuondoka kwa nguvu kuliurefusha ufa kidogo, mpaka kipande kilichobaki kikashindwa. Huo ni uchovu wa chuma, na eksli ya upande wa pili imetembea safari zile zile. Zibadilishe zote mbili. Kwa propela shafti sisemi mara mbili: ikikatika kwa mbele huchimba lami na inaweza kulirusha gari. Ndiyo maana sheria za mashindano ya Marekani huyadai magari ya kasi yafungwe pete ya chuma kuizunguka.

Dai la 6: "Badilisha gia iliyovunjika tu. Au tafuta giaboksi yoyote ya mtumba, mradi inaingia."

Meno manne yaliyotoka kwenye gia hii hayakuyeyuka. Katika giaboksi ya manyuo ya Impreza, difu ya mbele imo ndani ya ganda lile lile na inaoga oili ile ile. Vipande vya gia ya tatu vilishuka hadi kwenye meno ya difu na kwenye njia za beringi. Kwa hiyo giaboksi inafunguliwa yote, inaoshwa yote, beringi zinazungushwa kwa vidole mpaka ijulikane ipi inakwaruza. Gia hubadilishwa pamoja na mwenzake anayeumana naye, kwa sababu meno mapya juu ya meno yaliyolika hayadumu. Vivyo hivyo pinioni na krauni ya difu: vilisagwa pamoja kiwandani, ni mume na mke, usimwoze mmoja kwingine.

Na ukienda maduka ya Grogan jijini Nairobi au Ilala jijini Dar es Salaam kutafuta giaboksi nzima, usiulize bei kwanza. Uliza uwiano wa difu. Zipo za 3.9, zipo za 4.111, zipo za 4.444, na kwa nje zinafanana kama mapacha. Ukifunga ya 4.111 mbele huku difu ya nyuma ni 3.9, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatataka kwenda kwa kasi tofauti, na kifaa cha katikati kinachogawa nguvu kitachemka mpaka kife. Kipimo hakihitaji kompyuta: zungusha magurudumu mawili ya nyuma pamoja mara kumi, uhesabu mizunguko ya propela shafti. Ikifika 39, ni 3.9. Ikipita 41 kidogo, ni 4.111. Hakikisha na uwiano wa giaboksi unayonunua, kabla pesa haijatoka mfukoni. Tairi nne zisizolingana ukubwa huleta madhara yale yale, polepole zaidi.

Dai la 7: "Barabara ikiwa tupu usiku, ni sawa na uwanja."

Gari la mtaani likimaliza mita 402 za mbio za dragi kwa sekunde 14 hivi, linapita mstari likiwa kwenye kilomita 150 kwa saa au zaidi. Ni karibu mita 42 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, kisha breki nzuri kwenye lami kavu, na umekula mita 150 kabla ya kusimama. Taa za chini hukuonyesha kama mita sitini. Mama anayevuka na ndoo yumo katika hizo tisini zilizobaki, na hamtaonana kwa wakati. Jumlisha eksli iliyochomelewa.

Wamarekani walijifunza hili mapema. Wally Parks alianzisha NHRA, chama cha mbio za dragi, mwaka 1951, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuwatoa vijana barabarani kuwapeleka kwenye viwanja vyenye nafasi ya kusimamisha magari, ukaguzi wa magari na watu wa uokoaji. Vijana wetu wana mapenzi yale yale na wanastahili ulinzi ule ule. Mpaka uwanja upatikane karibu, kusubiri si woga.

Kijana bado amesimama pale mezani. Sikumuuliza ana pesa ngapi. Nilimuuliza aliondoka kwa mizunguko mingapi, presha ya tabo ilikuwa ngapi, tairi zake ni za namba gani. Swali la kwanza alilijua. La pili alikisia. La tatu tulikwenda kulisoma pamoja kwenye gari, na tairi ya nyuma kushoto haikuwa ndugu wa zile tatu. Nikampa daftari aandike yote matatu, kisha ndipo tukaanza kufungua nati.