Kicheko Kisichovuka Mpaka

Mjini Tunduma, ambako malori ya shaba kutoka Kongo na Zambia hupanga foleni kuelekea bandari ya Dar es Salaam, mpaka ni hatua chache tu: huku Tunduma, kule Nakonde. Mahindi huuvuka, lugha huuvuka, hata ndoa huuvuka. Kicheko peke yake ndicho kinachoamriwa kisivuke. Msomaji wa Songwe ana ruhusa ya kumcheka mgombea wa nchi jirani. Akichorwa wa kwake, huambiwa heshima imevunjwa.

Wapo wasemao, tena kwa sauti ya kizee, kwamba katuni si hoja bali ni kejeli. Kwamba wakati wa kampeni huchochea, na wakati wa vita huwavunja moyo askari. Dai hili lastahili kujibiwa kwa mfano.

Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia. Uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ulifanyika askari wakiwa bado vitani, huku Uhuru Kenyatta na mgombea mwenza wake, William Ruto, wakikabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai. Godfrey Mwampembwa, Gado, Mtanzania aliyeanza kulichorea gazeti la Nation mwaka 1992, aliwachora wakiburura minyororo na matufe ya chuma miguuni. Je, kalamu hiyo ilichochea nini? Wachorwa walishinda. Mchoro haukumpokonya mtu kura. Ulimkumbusha mpiga kura jambo ambalo hotuba zilitaka alisahau. Wala si katuni iliyoleta msiba wa Westgate mwaka 2013, au wa Garissa mwaka 2015, ambako watu 148 waliuawa. Vita hivyo vilipozidi kurefuka ndipo maswali ya kalamu yalipohitajika zaidi. Lakini kampeni za 2017 zilimkuta Gado hayumo tena katika kurasa za Nation, kwani mkataba wake haukuhuishwa mwaka 2016.

Na kwao Tanzania? Januari 2015, mwaka wa uchaguzi, The East African, gazeti lililouzwa nchini kwa takriban miaka 20, lilizuiwa. Sababu iliyotolewa ni usajili. Ikiwa usajili ulikosekana miaka yote hiyo, mbona ulikumbukwa mara tu baada ya Gado kumchora Rais Kikwete? Oktoba ya mwaka huohuo, wapiga kura wa Tunduma walimchagua mbunge wa upinzani. Gazeti lilizuiwa, fikra hazikuzuilika.

Ng'ambo ya mstari, Desemba 2022, Zambia ilifuta kosa la jinai la kumkashifu Rais, na dola haikuanguka. Huku, Oktoba 2024, leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications zilisimamishwa kwa siku 30 kwa sababu ya katuni ya video iliyoonyesha watu wakiwalilia ndugu zao waliopotea au kuuawa. Ndugu hao hawakupotezwa na katuni. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa na damu ikamwagika. Siku hiyo hapakuwa na mchoraji wa kusingiziwa.

Nyani haoni kundule. Ndiyo maana huhitaji mwenye kumchora. Watetezi wa heshima na waende wakasimame kwenye kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019. Lori likitiliwa shaka, turubai hufunuliwa, mzigo ukatazamwa, na dereva halalamiki kwamba ametukanwa. Aombaye urais amebeba mzigo mzito kuliko shaba: amebeba watu, na pengine anawapeleka vitani. Katuni hufunua turubai. Mwenye mzigo halali ana nini cha kuogopa?