Jiko Hilo Linakula Nini?

Majiko huuzwa kwa moto. Muuzaji anawasha, watu wanakusanyika, ndimi za moto zinasimama wima bila moshi, sufuria inachemka kabla mtu hajamaliza kusema "haki ya nani", na hapo biashara imekwisha. Hakuna anayeuliza jiko lenyewe litakula nini wiki ijayo. Mimi nataka kuuliza, tena kwa sauti, kwa sababu siku hizi mtu wa Kachibora anaambiwa kwamba jiko lake la makaa, lile la bati lenye udongo ndani, ni ushamba, na kwamba mwenye akili anahamia jiko la peleti.

Peleti tunazijua huku. Mfugaji wa sungura anazijua, na wa ng'ombe wa maziwa pia. Sasa badala ya majani na pumba, weka maranda ya mbao au makapi ya miwa, saga, shindilia kwa mashine mpaka yawe vipande vigumu vya ukubwa wa kidole cha mtoto. Hicho ndicho chakula cha jiko hilo. Chini yake kuna feni ndogo inayoendeshwa na betri. Feni inapuliza hewa, peleti zinageuka kwanza kuwa gesi, na gesi ndiyo inayoungua huko juu karibu na sufuria. Ndiyo maana moshi hauonekani.

Na kazi hiyo linaifanya vizuri, sitabisha. Likipewa peleti kavu, betri ikiwa na chaji, hakuna jiko la kuni au la makaa linalolikaribia kwa usafi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mtu aliyekulia katika jikoni ya mafiga matatu, macho yamewiva, mama anakohoa, hahitaji kuambiwa hesabu hiyo mara mbili. Kwa hivyo ugomvi wangu hauko kwenye moto wenyewe. Uko kwenye gunia.

Makaa nikiyakosa kwa huyu, nayapata kwa yule. Nikiwa na pesa nanunua gunia, nisipokuwa nazo nanunua gorogoro, na siku mbaya kabisa kuna yule mama atakayenipimia kwa kasuku na kunikopesha mpaka jioni. Peleti nitanunua kwa nani? Kwa yule yule aliyeniuzia jiko. Yeye akipandisha bei, imepanda. Lori lake likikwama kwenye tope la Aprili, mimi nalala njaa na jiko la maelfu ya shilingi liko pale linanitazama. Ukijaribu kulidanganya kwa vijiti vya mwituni, mengi ya majiko hayo yanatoa moshi kama mafiga ya nyanya yako. Jiko la peleti bila peleti ni kopo lenye feni.

Mtu ataniambia naogopa kivuli. Basi tuende Rwanda, maana wao walitangulia, tena kwa bidii kuliko sisi. Kampuni ya Inyenyeri, iliyokuwa Gisenyi kando ya Ziwa Kivu, ilifikiri jambo la busara sana: iliwapa watu jiko bila kuwauzia, mradi wajifunge kununua peleti kila mwezi. Watu wa vijijini waliweza hata kuleta kuni na kubadilishana na peleti. Mwaka 2018 Benki ya Dunia ikaingia nayo mkataba wa kununua hewa ukaa. Magazeti ya ng'ambo yakaandika. Mwaka 2020 kampuni ikafunga milango. Wale waliokuwa na akili na fedha na mkataba walishindwa kulilisha jiko, na sasa nakuja kuambiwa na kijana mwenye meza na mwavuli pale sokoni kwamba yeye ataliweza. Kijana, sikuchukii. Nionyeshe tu stoo.

Sasa hebu tuliangalie hili linaloitwa la kishamba. Mwaka 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati. Miaka hiyo hiyo kundi la Wakenya na wageni wachache, Maxwell Kinyanjui akiwa miongoni mwao, walilitazama jiko la ndoo la Thailand, wakaliweka kando ya jiko letu la bati tupu, wakajiuliza watachukua nini huku na nini kule. Kilichotoka ni hiki unachokijua. Udongo uko nusu ya juu tu, pale makaa yanapokaa. Nusu ya chini, linapoangukia jivu, ni bati. Katikati kuna kiuno. Kile kiuno hakikuwekwa kwa ajili ya urembo: kinaushika udongo usiteremke, na kinalipa jiko kitako kipana ili lisipinduke. Udongo unakataa joto lisitoke pembeni, na vipimo vya wakati ule vilionyesha kwamba makaa yanapungua kwa theluthi hivi mpaka nusu ukilinganisha na bati tupu.

Lakini hilo la kupunguza makaa si ndilo linalonifanya nilisimamie. Nalisimamia kwa sababu hakuna aliyeligawa bure. Liliuzwa tangu mwanzo. Fundi wa jua kali aliliangalia, akalipima kwa macho, akakata bati la pipa kuukuu, akanunua udongo uliochomwa kutoka kwa mfinyanzi, akaushika kwa simiti, akauza. Wengine waliiga vibaya na majiko yao yakapasuka ndani ya mwezi, na wateja wakajifunza kugonga udongo kwa kidole na kusikiliza sauti kabla ya kutoa pesa. Huo nao ni ukaguzi wa ubora, hata kama hauna muhuri. Likavuka mipaka: Ethiopia wakaliita Lakech, Senegal Sakkanal, Ghana Gyapa. Huku kwetu magharibi udongo haukuwa mgeni. Ilesi, kule Kakamega, watu wanafinyanga vyungu tangu zamani, na anayejua kuchoma chungu kisipasuke hashindwi na udongo wa jiko. Pesa ya jiko moja inapita kwa mchimba udongo, mfinyanzi, fundi wa bati na mwenye mkokoteni, na wote hao wanaishi mahali ninapoweza kufika kwa matatu nikiwa na malalamiko.

Kuna pia hii habari ya ugali, ambayo wabunifu wa majiko huwa wanaisahau, sijui wao hula nini. Ugali wa watu wanane haupikwi kwa kukoroga. Unasongwa. Unashika sufuria kwa kitambaa, unaegemea mwiko kwa bega zima, unageuza, unakandamiza. Jiko jembamba, refu, jepesi, lenye sufuria juu yake kama mtungi kichwani, linatetemeka. Wauzaji wanakuja na sufuria ya chai ya vikombe vinne na wanachemsha maji. Nawaomba waje na unga wa Kitale, gorogoro nzima, na sufuria namba kubwa, wasonge mbele yetu. Halafu waninyweshee moto kidogo kidogo wa kuivisha githeri saa tatu, na wakimaliza wanichomee mahindi mabichi juu yake. Tuko Trans Nzoia bana. Jiko lisilochoma hindi litaishije huku?

Sasa niwageukie wenzangu, wapenzi wa jiko la udongo, maana wengine tunajidanganya. Kuna watu wanaita makaa "moto safi" kwa sababu hauna moshi. Huo usafi ni wa macho. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi tunasikia familia iliyoingiza jiko chumbani kulala nalo, ikafungiwa na majirani wakavunja mlango asubuhi. Udongo haupunguzi sumu hiyo hata chembe ukifunga dirisha. Na mti ule tunaouita makaa umeuawa mara mbili: tanuri la udongo la porini linameza kati ya kilo sita na kumi za mti kutoa kilo moja ya makaa. Nikisema jiko langu linaokoa theluthi ya makaa, nasema kweli, lakini theluthi mbili zilizobaki zilitoka mahali. Kutoka Kachibora mahali hapo panaonekana kwa macho, ni vile vilima vya Cherangany, na mto Nzoia unategemea vilima hivyo.

Serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018. Makaa yakaisha? Yakapanda bei, yakaanza kutembea usiku. Marufuku ikatangazwa kuondolewa Julai 2023. Na katikati ya hadithi hii ya kulinda msitu usisahau kwamba Januari 2014 nyumba za Wasengwer zilichomwa moto katika msitu wa Embobut, upande wa pili wa vilima hivyo hivyo, ili eti msitu upone. Mwenye kuishi msituni alifukuzwa, gunia likaendelea kupita.

Wa gesi nao nawasikia: "Si mnunue meko tu?" Wanaosema hivyo mshahara wao unaingia kwa mwezi. Mwenye kulipwa kwa siku hanunui kilo sita za kitu chochote kwa mkupuo. Halafu bei ya gesi inategemea mtu aliyeamka vipi kule Hazina. Mwaka 2016 ushuru wa thamani uliondolewa, watu wakaitwa waache kuni. Julai 2021 ukarudi, asilimia 16. 2022 ukapunguzwa mpaka 8. 2023 ukaondolewa tena. Ndani ya miaka saba mama mmoja aliambiwa njoo, rudi, njoo nusu, njoo. Si ajabu sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya nusu ya kaya za Kenya bado zinapikia kuni.

Kwa hivyo nikisema chagua jiko la udongo, sisemi kwamba makaa ni baraka. Nasema jiko la udongo linakubali kubadilishiwa chakula, na hilo lingine halikubali. Ndani ya udongo ule ule unaweza kutia makaa ya mti leo, kesho makaa yaliyoshindiliwa kutokana na takataka, kesho kutwa magunzi yaliyochomwa yakawa makaa. Na magunzi, jamani! Kaunti hii inapukuchua mahindi kuanzia Oktoba mpaka Desemba, na magunzi yanalala marundo marundo nyuma ya kila boma. Mengine yanaishia chini ya sufuria yakiwa mabichi na moshi wake wote, mengine yanaoza mvua ikianza. Bungoma wana makapi ya miwa. Mashine za mbao zina maranda, yale ambayo wenye hoteli za zamani walikuwa wakiyashindilia kwenye debe, wanachomeka chupa katikati kuacha tundu, na kupikia chai kutwa nzima. Mali ghafi iko. Anayetaka kutuuzia jiko la peleti na aanze hapo: alete mashine, aitie magunzi, atuuzie peleti kwa gorogoro hapo sokoni miezi kumi na miwili mfululizo, masika na kiangazi. Akifanya hivyo sitaandika neno tena dhidi yake, na jiko lake nitalinunua.

Lakini naona wengi wanaanza mwisho, na nadhani najua sababu. Siku hizi jiko linazaa pesa likiwa limeketi tu. Kila linalogawiwa linahesabiwa kuwa limezuia tani fulani za hewa ukaa, na tani hizo zinauzwa Ulaya na Marekani. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi wa miradi ya namna hiyo wakaona kwamba katika sampuli yao hesabu zilikuwa zimevimbishwa takriban mara tisa. Mmoja wao alikuwa Daniel Kammen, ambaye mwaka 1995 aliandika katika Scientific American akilisifu jiko la Kenya lenye udongo. Si mtu anayechukia majiko. Uchunguzi ulikuta, pamoja na mengine, kwamba miradi inadhani watu wanalitumia jiko jipya kuliko wanavyolitumia kweli. Bila shaka. Limeisha peleti, liko juu ya kabati limefunikwa kwa kitambaa cha kushona.

Kama utanunua la udongo wiki hii, nenda nalo asubuhi ukiwa na nafasi. Gonga udongo, usikie unalia kama chungu, si kama ubao. Tazama kama simiti imeshika pande zote. Vuta mlango wa jivu uone kama unafunga, maana usipofunga utachoma makaa ya siku mbili kwa siku moja. Moto wa kwanza uwe mdogo, unyevu utoke polepole. Uwashie nje, uingize likishashika, dirisha liwe wazi, na usilale nalo. Udongo ukipasuka baada ya mwaka au miwili, usikubali fundi akuuzie jiko zima. Mwambie abadilishe udongo peke yake, bati bado lina maisha.