Salfa ya mkorosho na pumzi ya mtoto

Kila mwaka mikorosho inapokaribia kuchanua, kuanzia Newala juu ya uwanda hadi Masasi chini, vumbi la salfa hupulizwa kuzuia ubwiriunga. Misimu ya karibuni Serikali imeigharamia salfa hiyo. Sina ugomvi na hilo. Korosho ndiyo ada na bati la Kusini. Ugomvi wangu ni kwamba ugonjwa wa mkorosho huzuiwa kabla ua halijanyauka, ilhali mtoto anayekoroma huandikiwa "kifua", hupewa antibiotiki, na mwezi ujao hurudi na kifua kilekile.

Tuelewane. Salfa si mzio, ni mwasho. Ila mwenye pumu akiivuta huumia kuliko mwenzake. Mafuta ya ganda la korosho huchubua ngozi. Na kwa watoto wachache, kokwa yenyewe yaweza kuziba koo kwa dakika chache.

Jibu la wakubwa nalijua: hakuna vifaa, hakuna mabingwa. Hicho ni kisingizio. Utambuzi wa mzio huanza kwa maswali: alikula nini, dhara lilianza baada ya muda gani, nani katika ukoo ana pumu. Neno mzio lenyewe ni la kale, likimaanisha chakula ambacho mtu amekatazwa. Bibi anayesema "huyu asipewe samaki" amekwisha kuanza kazi ya tabibu. Kinachotakiwa ni tabibu wa zahanati aliyefundishwa kumsikiliza na kuandika.

Dawa nazo si anasa. Adrenalini ya sindano, salbutamoli na steroidi ya kuvuta zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa nini basi mzazi wa kijijini azifuate Mkomaindo, na akipewa rufaa, Mtwara, karibu kilomita 200?

Sera ya 2007 humtibu bure mtoto wa chini ya miaka mitano. Wa miaka sita je? Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi, kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ulisitishwa. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ninyi watumishi mnaopanga vitita, iwekeni dawa ya kuzuia pumu hadi ngazi ya zahanati. Nanyi madiwani wa Masasi na Newala, halmashauri zenu hutoza ushuru wa korosho: tengeni fungu la mafunzo na dawa hizo kabla msimu ujao wa kupuliza haujaanza.