Jumba la Mfalme si Mtaji Mpaka Lizae

Wafanyabiashara wengi huamini kwamba mwenye jengo kubwa ni tajiri. Imani hiyo ina kasoro. Jengo lisiloingiza fedha hula fedha, na kadiri lilivyo kubwa ndivyo linavyokula zaidi. Ushahidi upo Jodhpur, katika jimbo la Rajasthan nchini India, ambako jumba la kifalme la Umaid Bhawan limekuwa hoteli ya anasa inayojulikana duniani kote.

Ujenzi wake ulianza mwaka 1929 kwa amri ya Maharaja Umaid Singh. Nchi yake ya Marwar ilikuwa imepigwa na ukame, na kazi hiyo ilikusudiwa kuwapatia wananchi ujira. Watu kati ya 2,000 na 3,000 waliajiriwa. Jumba lilikamilika mwaka 1943 likiwa na vyumba 347. Miaka minne baadaye India ilipata uhuru, na Umaid Singh akafariki mwaka huohuo. Warithi wake wakabaki na jumba la kutawalia, lakini hawana cha kutawala.

Kwa muda pengo hilo halikuonekana, kwani Serikali ya India iliwalipa watawala wa zamani posho ya kila mwaka kwa kukubali kujiunga na taifa jipya. Mwaka 1971 Katiba ilirekebishwa na posho ikafutwa. Hapo hesabu zikawa wazi kwa kila mwenye jumba. Mali ilikuwapo, mapato hayakuwapo, na gharama za mapaa, mabustani na watumishi ziliendelea kama kawaida.

Mjukuu wa mjenzi, Gaj Singh, hakuliuza jumba. Aligawa matumizi yake: sehemu moja makazi ya familia, sehemu moja makumbusho, na sehemu nyingine hoteli, iliyoanza katika miaka ya 1970. Mwaka 2005 usimamizi wa hoteli ulikabidhiwa kwa Taj, jina la biashara la Indian Hotels Company, kampuni ya kundi la Tata ambayo hisa zake huuzwa katika soko la Mumbai. Njia hiyo haikuwa ngeni. Jumba la Rambagh mjini Jaipur lilifanywa hoteli mwaka 1957, na lile la katikati ya ziwa mjini Udaipur mwaka 1963.

Funzo kubwa hapa ni kutenganisha umiliki na uendeshaji. Mrithi ana hati na historia. Kampuni ya hoteli ina wapishi, wahasibu na mtandao wa kuuza vyumba ng'ambo. Katika mikataba ya kawaida ya usimamizi, msimamizi hulipwa ada inayotokana na mauzo, na mara nyingi fungu la faida pia. Mwenye jengo hubaki na kinachosalia, pamoja na ankara za ukarabati. Kwa hiyo mwaka mbaya humuumiza mwenye jengo kabla ya msimamizi.

Mwekezaji mdogo anayevutiwa na hisa za hoteli hana budi kulielewa jambo hilo. Picha za nguzo na marumaru katika taarifa ya mwaka hazimwonyeshi mwenye mali. Huenda kampuni inamiliki jengo, imelipanga, au inalisimamia tu kwa ada. Kila hali ina faida yake na hatari yake, na jibu limo katika mizania na maelezo yake, si katika picha. Asiyeuliza paa linatengenezwa na nani ananunua sifa kwa bei ya mali.

Hatari nyingine ni uchache wa vyumba. Hoteli ya Umaid Bhawan haifikishi vyumba 100 kati ya vile 347. Bei ya chumba ni kubwa, lakini wageni hufuata majira ya baridi, na joto la Rajasthan likianza hupungua. Mwaka 2020, korona ilipofunga safari, bei kubwa haikusaidia kitu, kwa sababu chumba kisichouzwa usiku wa leo hakiwezi kuuzwa tena kesho.

Tena kuna suala la mirathi. Huko Udaipur, mwaka 1983 mwana mkubwa wa Maharana Bhagwat Singh alifungua kesi akitaka mali ya ukoo igawanywe. Ugomvi uliozuka ulidumu miongo kadhaa, na hata Novemba 2024 kulitokea vurugu nje ya jumba kuu la mjini humo. Hoteli yaweza kujaa wageni ilhali wenyewe wamejaa mahakamani.

Kwa hiyo, wenye nyumba kubwa za urithi wasikimbilie kuuza kwa sababu tu gharama zimewaelemea, wala wasikimbilie kufungua hoteli kwa sababu nyumba ni ya kale. Kwanza warithi wote wakubaliane kwa maandishi. Pili, ukarabati wa miaka 10 ukadiriwe na fungu lake litengwe kabla ya faida kugawanywa. Tatu, atafutwe msimamizi mwenye wateja tayari, na mkataba useme wazi nani analipa nini mwaka wa hasara. Nyumba isiyoweza kupita masharti hayo matatu ni heri iuzwe mapema, ingali na bei.