Bodi Haina Haki ya Kuandika Mwisho wa Filamu

Aprili 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini, KFCB, iliipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu. Aprili 2020, Mahakama Kuu ikasema bodi haikukosea. Aprili 2025, wanafunzi wa Butere Girls walifika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na mchezo wao Echoes of War, mahakama ikiwa imekwisha kuamuru waruhusiwe kushiriki. Wakaishia kuimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza, na polisi wakarusha vitoa machozi. Filamu moja na mchezo mmoja, vyote vikisimulia vijana waliogongana na wakubwa wao, na vyote vikakutana na mkono wa dola.

Nimechoshwa na mtindo huu. Bodi ilikosea kuhusu Rafiki, na kosa lake linatuhusu hata sisi wa Merti, kaunti ya Isiolo, tusio na jumba la sinema.

Filamu yenyewe imetokana na Jambula Tree, hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kena na Ziki ni wasichana wa mtaa mmoja Nairobi, wametoka shuleni juzi tu, na baba zao wanawania kiti kimoja cha bunge la kaunti. Wasichana hao wanapendana. Mtaa unajua, kundi la watu linawapiga, wanafikishwa kituo cha polisi, Kena anaombewa pepo limtoke, Ziki anapelekwa London. Mama yake Kena, aliyeachwa na mumewe, anaishi kwa hofu ya maneno ya watu. Baba yake Kena anajua kashfa hiyo itamnyima kura, na bado anakataa kumtupa bintiye. Mtu akiniuliza filamu hii inahusu nini, nitamtajia huyo baba kwanza.

Wanaoitetea bodi wana hoja zao, na ni haki zisikike. Sheria ya Kanuni ya Adhabu inaharamisha mapenzi ya jinsia moja, na Mahakama Kuu iliithibitisha Mei 2019. Dini zetu zinayakataza, na wengi wetu Merti ni Waislamu. Fedha nyingi za filamu zilitoka Ulaya. Watoto lazima walindwe. Yote hayo nayakubali. Lakini kusimulia jambo si kulitenda, Ibara ya 33 ya Katiba inalinda ubunifu wa sanaa kwa jina, na kulinda watoto kuna dawa yake: bodi ina daraja la 18, lililowekwa kwa ajili ya filamu za watu wazima. Ingeliandika kwenye bango, kazi yake ikaisha.

Kwa nini haikuliandika? Hapa ndipo penye kiini, na sijaona mtetezi wa bodi anayetaka kupakaribia. Kahiu ameeleza hadharani kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho. Ilisema mwisho wa filamu una matumaini mno. Kena angeonyeshwa akijuta, filamu ingepewa daraja la 18.

Soma tena hapo. Mapenzi ya wasichana hao wawili yangebaki kwenye filamu, pamoja na kipigo, matusi na maombi ya kutoa pepo. Kilichotakiwa kubadilika ni dakika za mwisho. Na dakika hizo zina nini? Miaka imepita, Kena sasa anafanya kazi hospitalini, Ziki amerudi nchini. Kena amesimama kilimani. Mkono unamgusa begani. Filamu inaisha. Serikali ya Kenya ilipiga vita mkono uliowekwa begani.

Kwa hiyo hoja ya sheria imeanguka, maana sheria haisemi kosa linaruhusiwa kwenye filamu mradi mkosaji alie mwishoni. Hoja ya watoto nayo imeanguka, maana daraja la 18 lilikuwa mezani. Kilichobaki ni amri moja: kijana aliyewaudhi wakubwa asionekane ameishi akawa mtu mzima mwenye kazi na heshima. Lazima avunjike, na sisi tumwone akivunjika.

Amri hiyo ni uongo kuhusu familia zetu, na ni uongo wenye madhara. Nani huku hajui nyumba ambamo msichana ameshika mimba kabla ya kumaliza shule, au amekataa mume aliyechaguliwa? Nani hajui kijana aliyeacha masomo na siku zake zinaishia kwenye miraa? Wazazi wa watoto hao wanahitaji kuona hadithi ambamo mtoto anaanguka, nyumba inatikisika, na bado kuna kesho. Ukiwapa miaka yote hadithi zinazoishia kwa kaburi, jela au majuto, unawafundisha jambo moja tu: aliyepotea afukuzwe. Halafu tunashangaa watoto wakikimbilia Isiolo mjini na Nairobi na kutopiga simu nyumbani.

Wazee wa dedha, wanaosimamia malisho na maji yetu, hawafanyi hivyo. Mchungaji aliyenywesha nje ya zamu huitwa, husikilizwa mbele ya watu, hutozwa faini, kisha ng'ombe wake hurudi kwenye kisima kama wa wengine. Hawa ni wazee wasio na ofisi wala gari la serikali, na wanajua kuwa hukumu isiyoacha njia ya kurudi huvunja jamii. Bodi yenye wanasheria imeshindwa kulijua hilo?

Na marufuku hiyo ilimzuia nani? Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha kwa siku saba ili filamu iweze kufikiriwa kwa Oscar, na watu wakajaa kumbini. Huku kwetu filamu hufika kwa simu na flashi. Kijana akiitaka, ataipata, ataitazama peke yake chini ya blanketi. Aliyeikosa ni mzazi anayetii sheria, yule hasa ambaye filamu inazungumza naye. Na wakati huohuo, kwenye kibanda cha video, mtoto wa miaka 10 anakaa kwenye benchi anatazama watu wakichinjana kwa bunduki na mapanga kuanzia mchana hadi usiku, na sijaona afisa yeyote akifunga safari kuja kuuliza umri wake. Huo ndio ulinzi wa watoto? Tusidanganyane.

Mwaka 2021 bodi hiyohiyo iliipiga marufuku I Am Samuel ya Peter Murimi, nayo pia ni habari ya mwana na wazazi wake. Hawajajifunza, na hawatajifunza maadamu Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, iliyotungwa mwaka 1962 chini ya mkoloni, inawapa mamlaka ya kuziba kabisa. Mbunge wa Isiolo Kaskazini na wenzake wairekebishe sheria hiyo: bodi ibaki na kazi ya kupanga umri wa watazamaji, na mamlaka ya kupiga marufuku yaondolewe mikononi mwake. Nasi wazazi wa Merti, siku filamu kama hii itakapopatikana kihalali, tuitazame wenyewe kabla ya kumwachia mtu wa Nairobi atuamulie.